Gurudumu Lisilochimba Kitu

Mara ya kwanza mchumba wa dada yangu mkubwa alipokuja kwetu, mama alikaa mbele yake na kumwangalia usoni. Alimwekea bukari, ugali wetu, na kuku, akanawa mikono katika beseni moja naye, akala naye katika sahani moja. Alimwuliza habari za kazi, habari za njia, habari za joto. Kijana alijibu yote akicheka. Alipokuwa anaondoka alimwambia yaya pale langoni, "Mama yako ananipenda. Umeona vile ananiangalia?"

Yaya, ndivyo ninavyomwita dada yangu, alirudi ndani, akapita jikoni, akatoka kwa mlango wa nyuma na kukaa chini ya kamba ya nguo akilia. Shuka lililoanikwa lilikuwa linamgusa kichwani, linaondoka, linamgusa tena.

Kwetu ni hivi. Sisi ni watu ambao babu zao walitoka Kasai kwa treni kuja kufanya kazi ya mgodi. Sisi watoto hatujawahi kuiona Kasai, lakini mambo yake mengine yamebaki ndani ya nyumba kama harufu ya nguo za sandukuni. Moja ya hayo ni ukwe. Mama hamtazami mume wa binti yake. Hawali pamoja, hawakai kiti kimoja, wakikutana njiani mama hufunika uso, au mmoja anageukia upande. Wakiwa na neno, wanalipitisha kwa mtu wa tatu. Si chuki. Ni heshima, na sijui heshima iliyo kubwa kuliko hiyo. Kwa hiyo mama alipomkazia macho kijana yule na kumega naye bukari moja, alikuwa anasema kitu, na yaya alikisikia vizuri: wewe si mkwe wangu. Wewe ni mgeni. Kula, kunywa maji, nenda zako.

Kijana hakuelewa. Wazazi wake walikuwa watu wa huku huku Katanga, lakini yeye alikulia Lubumbashi kwa kaka yake, na mambo ya ukwe aliyasikia kama mtu anavyosikia mvua inayonyesha mtaa mwingine. Anatengeneza simu sokoni. Ana vidole vyembamba, na anaposikiliza mtu huinamisha kichwa kama vile mtu huyo naye ni simu yenye shida. Mara ya pili alileta soda, na mama alimwangalia. Mara ya tatu yaya alikuwa amekwisha kumweleza, naye kijana akaja akiwa ameinamisha macho, akakaa pembeni. Mama alivuta kiti chake mpaka mbele yake. "Inua kichwa, mwanangu," alimwambia. "Shingo yako iko na ugonjwa?"

Baba anafanya kazi Kolwezi, na alishakubali kwa simu. Lakini alisema binti hatoki katika nyumba ambayo mama yake amenyamaza. Basi kila kitu kilimngoja mama, na mama alikuwa anapika, anauza makala, mkaa wetu wa kupikia, anakwenda kwenye kwaya, anarudi, na hasemi neno.

"Minye sitaki amupikie," yaya aliniambia siku moja tukichambua sombe, majani ya muhogo. "Nataka afunike uso. Mara moja tu."

Sababu tuliijua, ingawa mama hakuitaja. Alipokuwa mtoto, ulikuja wakati ambapo watu wa asili ya Kasai waliambiwa na wenyeji wa Katanga kwamba hapa si kwao. Waliacha nyumba, wakalala kituoni hapa Likasi wakisubiri treni ya kuwapeleka nchi ambayo wengi wao hawakuwa wameiona. Mama alilala pale na bibi. Baadaye walirudi, kama wengine wengi, na sasa tunaishi na watu wote, tunaimba nao kanisani, tunakopeshana chumvi. Lakini kumpa mtoto ni jambo jingine. Nadhani kila alipomwangalia kijana yule usoni alikuwa anatafuta humo uso mwingine, wa zamani.

Mimi nilikuwa katikati, na nilinyamaza. Nilimaliza shule ya msingi nikabaki nyumbani, na tangu utotoni maneno yangu hufika yakiwa yamechelewa. Naandika pia hivyo hivyo, polepole. Mtu akiniuliza kitu dukani, yaya ndiye anayejibu. Kanisani wakisema niombe, yaya anasimama. Watu wa mtaani husema mdomo wangu unakaa kwa dada yangu, na ni kweli. Kwa hiyo nilipowaza juu ya harusi, niliwaza mambo mawili kwa wakati mmoja. Nilitaka yaya acheke. Na niliona duka, na mimi nimesimama mbele ya muuzaji, peke yangu, bila mdomo.

Wazo la kwenda kwenye parke, uwanja wa mabembea na michezo, lilikuwa la yaya. Ilifunguliwa karibuni kwenye uwanja mtupu pembeni ya mji, na kijana alisema atatupeleka sote, Jumapili baada ya misa. Tulijua mama atakataa. Mama aliuliza, "Kuko kivuli?" Yaya akasema kipo. "Basi tuende."

Ilikuwa mwisho wa kiangazi, wakati jakaranda zinapochanua na nyasi zinachomwa kila upande, hata mji unalala ndani ya moshi mwembamba. Siku kama hizo jua halina ukingo. Vitu vya mbali vinaonekana kama vinakumbukwa na mtu. Tulipofika kwenye lango walitufunga utepe wa plastiki mkononi, na mama aliugeuza geuza wake, kama ule wanaomfunga mtoto aliyezaliwa hospitalini. Ndani palikuwa na jumba kubwa la mpira lililojaa upepo, watoto wanaruka humo na kuanguka bila sauti ya kuanguka. Palikuwa na vikombe vikubwa vilivyozunguka na watu ndani yake, kimoja kimevunjika mshikio. Palikuwa na treni ndogo ya rangi nyekundu iliyokwenda duara na kurudi pale pale. Mama aliitazama treni ile, kisha akatazama kwingine.

Vijana walikuwa wengi kuliko watoto. Wasichana walikuja wanne wanne, wamevaa fulana za rangi moja, nywele zimesukwa kwa nyuzi za bluu. Kundi moja la wavulana lilisimamisha simu juu ya kopo, likarudi nyuma, likacheza, mikono yote pamoja, mabega yote pamoja, likaacha ghafla. Kisha wakainama juu ya simu kujitazama.

"Banachezea nani?" mama aliuliza.

"Bantu ya mu simu, mama," yaya alijibu.

"Na sisi benye tuko hapa?"

"Mama! Si hata sisi tunaona."

"Minye naona migongo tu."

Kando ya jumba la mpira alisimama baba mmoja mwenye suti, ameshika viatu vya watoto wake mikononi, vidogo vidogo, amevitia vidole ndani. Mke wake alikuwa ndani anaruka. Aliruka na kitenge chake kizuri, akipiga kelele, na baba yule alicheka peke yake huku viatu vikigongana. Mama alimwangalia kwa muda mrefu. "Baba yenu hawezi kushika viatu," alisema, na sikujua kama alikuwa anamsifu baba au anamsikitikia.

Nilikumbuka Jumapili zetu za zamani. Baada ya misa tulikwenda kwa mjomba, tukakaa kwenye viti vyenye vitambaa vyeupe, watoto upande huu, wakubwa upande ule. Hakuna aliyeruka. Wakubwa walizungumza, na sisi tulitazama nzi akitembea kwenye glasi. Zamani tulitembelea watu, nikawaza. Siku hizi tunatembelea vitu. Lakini sikuona ubaya wake wote. Mke wa mjomba hakucheka hata siku moja kama mama yule wa jumba la mpira.

Gurudumu kubwa la kupandisha watu angani lilikuwa mwisho wa uwanja. Mama alisimama chini yake akakunja shingo. Amekulia katika mji ambao kila gurudumu kubwa lina shimo la mgodi chini yake na watu ndani ya shimo.

"Hii inachimba nini?"

"Haichimbe kitu, mama," kijana alisema, akisahau kutomsemesha. "Inazunguka tu. Watu wanapanda, wanashuka."

Mama alimgeukia, akamtazama macho kwa macho kama kawaida yake. "Gurudumu kubwa hivi," alisema, "na halichimbi kitu." Kisha akakaza kitenge chake kiunoni. "Nitapanda."

Mpango ulikuwa rahisi: mama na mimi sanduku moja, yaya na mchumba wake sanduku linalofuata. Masanduku yalikuwa na viti viwili vinavyotazamana na chuma cha kufungia mbele. Mwenye gurudumu alikuwa mtu mnene mwenye filimbi shingoni na miwani ya jua. Mama na mimi tuliingia. Yaya alirudi nyuma ili atupige video.

"Hii iko nyepesi, itaning'inia," mwenye gurudumu alisema akilitikisa sanduku letu. Akamshika kijana begani. "Weye, ingia hapa."

"Pardon, baba. Minye sipandi na hawa. Minye niko na ule dada."

"Ule wa simu? Ule bado anatafuta jua. Ingia!"

"Baba, siwezi kukaa mbele ya huyu mama. Hatuwezi…"

"Hamuwezi nini? Atakumeza?"

Watu wa foleni walicheka. Mmoja akapaza sauti, "Mukwe anakimbia belle-mère!" Na mwingine, "Afazali simba!"

Mama alikuwa ametulia, mikono juu ya mapaja. "Aingie," alisema kwa sauti ya kawaida. "Huyu haiko mukwe. Iko mugeni tu."

Nilimwona yaya akishusha simu. Kijana aliingia, akakaa mbele yetu, chuma kikafungwa, filimbi ikapigwa, na uso wa yaya ukaanza kwenda chini.

Tulipanda taratibu. Muziki wa parke ulibaki chini, ukawa mdogo. Sikuwahi kuwa juu ya kitu chochote kirefu kuliko paa la jikoni, na nilishangaa kuona kwamba juu hakuna kelele. Mji wetu ulifunguka kama kitambaa kinachokunjuliwa. Mabati yenye kutu, na juu ya mabati jakaranda, zambarau imelala kwenye moshi. Upande wa Kakontwe vumbi jeupe la machimbo ya chokaa lilisimama hewani bila kwenda popote. Reli iling'aa kidogo. Ndoto zangu nyingine huwa hivyo: najua mahali, lakini nimewekwa upande ambao haupo.

Tulikuwa karibu kabisa na kilele gurudumu liliposimama. Muziki ulikatika katikati ya neno. Chini mtu alipiga kelele, "Courant inaisha kwenda!" na watu wakasema aaa kwa pamoja, kama wanavyosema kila siku majumbani. Umeme wetu ni huo. Ila siku nyingine hukatika ukiwa umekaa sebuleni.

Sanduku lilianza kuyumba, polepole, mbele na nyuma.

Hapo ndipo nilipomwona kijana. Alikuwa ameshika chuma kwa mikono miwili mpaka vidole vyake vyembamba vimekuwa vyeupe. Macho ameyafumba. Jasho lilimtoka kwenye paji na kushuka puani, naye hakulipangusa, maana hakuweza kuachia mkono. Kila upepo ulipotusukuma alitoa sauti ndogo, sauti ya mtoto anayeota. Kisha chozi likatoka chini ya kope. Hata kulificha hakuweza.

Mama alikuwa anamwangalia. Macho yale yale ya sebuleni. Nilitamani ageuke, lakini nani wa kumwambia?

Sijui ilichukua muda gani. Nakumbuka mama akipumua kwa nguvu puani, kama mtu aliyefika mwisho wa kazi. Akafungua kitenge cha juu, kile kilichokuwa kiunoni mwake, akakitandaza, akajifunika kichwa na uso wote. Kisha akajigeuza kwenye kiti mpaka bega lake likawa upande wa kijana.

Nilidhani na yeye anaogopa. Nikamshika mkono. Mkono wake ulikuwa mkavu na imara kabisa.

"Muambie mukwe apumue," sauti yake ilisema kutoka ndani ya kitenge. "Polepole. Aangalie magoti yake, asiangalie chini."

Nilimtafuta yaya. Ni desturi yangu: neno likija, namtafuta yaya. Alikuwa chini kabisa, gauni lake doa la njano kati ya madoa mengine. Hakukuwa na mtu mwingine hewani pale. Nikasema, "Mama anasema upumue. Polepole. Uangalie magoti."

"Ndiyo, mama. Merci, mama," kijana alijibu, macho bado amefumba.

Kitenge kilitikisika. "Muambie asiniambie minye."

"Usimwambie yeye," nilisema. "Niambie mimi."

"Shemeji, amekasirika?"

"Muambie sijakasirika. Muambie avute hewa, amalize, kisha aongee."

Basi nikawa napeleka na kurudisha. Tulikuwa tumekaa magoti karibu yanagusana, kila mmoja anasikia kila neno, na bado neno halikuhesabika mpaka limepita kwangu. Mwanzo nilisema kwa sauti ndogo. Baadaye niliona sauti yangu inatoka tu, yenyewe. Mama alisema nimwulize kama amekula asubuhi. Hakuwa amekula. Mama alisema ni ujinga kupanda juu na tumbo tupu. Nikamwambia ni ujinga. Akasema nimwambie mama kwamba ni kweli.

Kitenge kiligeuka kidogo, na nilijua anatazama kwa upenyo upande wa reli.

"Muambie ile nyumba ndefu, yenye mabati mekundu, ni kituo. Nililala pale na mama yangu. Tulitandika gunia. Kulikuwa na bantu mpaka ku reli. Minye nilifikiri kituo ni kikubwa kuliko mji."

Nilimwambia. Nililisema lote, na gunia pia. Nilikuwa sijawahi kusikia habari ya gunia.

Kijana alifumbua macho. Hakutazama kituo, alitazama magoti yake, kama alivyoamriwa. "Muambie mama… muambie minye nilikuwa sijazaliwa."

"Muambie najua," mama alisema. Akaongeza, "Muambie kutoka hapa kituo iko kidogo. Kama sanduku ya viatu."

Chini mashine ya umeme ilianza kunguruma. Muziki ulirudi pale pale ulipoachia, kwenye nusu ya neno, na mji ukaanza kupanda kutupokea.

Tuliposhuka, mama alitangulia bila kugeuka, kitenge bado kichwani, akazunguka nyuma ya vikombe ili asipite karibu na kijana. Kijana alibaki amesimama. "Nimeharibu," alimwambia yaya. "Hataki hata kuniona. Mbele alikuwa ananiangalia, sasa hata kuniangalia hataki."

Yaya alinishika mkono. "Aliogopa? Ni upepo? Kwa nini alijifunika?"

Neno lilikuwa mdomoni mwangu, na nililishika pale. Nilijua likitoka litamtoa na yeye nyumbani. Nilitembea nalo kutoka kwenye gurudumu, tukapita jumba la mpira, tukapita yule baba wa suti ambaye sasa alikuwa amepiga magoti anafunga kamba za viatu kimoja kimoja. Treni ndogo nyekundu ilitupita, ikaenda duara, ikatupita tena.

"Alimwita mukwe," nilisema.

Yaya alisimama. "Nani?"

"Mama. Kule juu. Alisema, muambie mukwe apumue."

Yaya alikaa chini pale pale, kwenye vumbi, na gauni lake la njano. "Sema tena." Nikasema tena. Akacheka mpaka wasichana wenye nyuzi za bluu wakageuka, na mmoja akamwelekezea simu.

Kijana alikuwa ameondoka na aibu yake kabla yaya hajamwambia, na kwa hofu ya kule juu neno lile lilikuwa limempita. Jioni, kabla jua halijazama, alikuja nyumbani kuomba radhi kwa kosa ambalo hakulijua. Kwenye baraza alikuta kiti kimoja na meza ndogo iliyotandikwa kitambaa cheupe. Mama alikuwa jikoni nyuma ya pazia. Nilileta maji, nikamnawisha peke yake. Nilileta bukari na sombe na samaki, sahani yake peke yake, nikafunika.

Alitazama viti vilivyobaki ndani, sisi wote tuko upande wa pili wa ukuta. "Shemeji," alininong'oneza, "nimefukuzwa ku meza?"

"Kula," nilisema. "Mama hawezi kula na wewe tena."

"Mpaka lini?"

Sikujua. Kwa wengine ni mpaka mtoto wa kwanza, kwa wengine mpaka zawadi fulani itolewe, na bibi, wanasema, alimficha baba uso mpaka kufa kwake. Nilimwambia, "Muda mrefu." Akanitazama usoni mwangu kama anavyotazama simu, akainamisha kichwa, kisha nikaona kitu kikiwaka machoni pake. Alifunua sahani.

Jakaranda ya jirani ilikuwa inaangusha maua juu ya bati letu. Hayana sauti, unajua tu yameanguka ukiyaona asubuhi. Yaya alikuwa amekaa mlangoni, nusu ndani, nusu nje.

Pazia lilitikisika. "Muulize mukwe," mama alisema, "kama chumvi inatosha."

"Inatosha, mama," kijana alisema kutoka barazani, akashika mdomo wake.

Mama alikuwa anangoja. Hata yaya aliniangalia mimi.

Nilikwenda mpaka kwenye pazia nikamwambia mama kwamba chumvi inatosha.